Tarumbeta Lako Halikumkataa Mtu

Mke wangu mpendwa, Mama Dafroza,

Jumapili hii sikushuka kanisani. Nimekaa barazani, mezani kuna cherehani ya mteja na ile chupa ndogo ya mafuta, na ukungu bado haujatoka mlimani. Ni mwaka na miezi miwili tangu tukuzike. Watu wananiuliza, "Fundi, unaendeleaje?" nami najibu, "Namshukuru Mungu." Binti yetu Dafroza anapiga simu kutoka Gairo kila jioni kuuliza kama nimekula, nami namwambia nimekula. Mara nyingine ni kweli. Sijalia, mke wangu. Nilidhani nitalia siku ya mazishi, kisha nikadhani nitalia siku ya kuanua matanga, kisha nikaacha kudhani. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huwa unaamka.

Barua hii naiandika wazi, anayetaka kuisoma aisome. Nilikukosea mbele ya kijiji kizima, na wewe ndiye uliyesingiziwa.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuja kwenye meza yangu ya cherehani sokoni Mgeta, wiki ya Pasaka, tarumbeta umelifunga kwenye khanga. Pistoni zote tatu, zile za kubonyeza kwa vidole, zilikuwa zimekwama. Nikakuuliza umezitia nini. "Mafuta ya alizeti," ukasema. "Kwani hayo si mafuta?" Nikacheka, halafu nikaona wewe huna mpango wa kucheka. Mafuta ya kula yakikutana na vumbi na mate yanageuka gundi. Sikuwahi kufungua tarumbeta maishani mwangu, lakini fundi gani anakiri ujinga mbele ya msichana mzuri? Nikazitoa taratibu, nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazifuta kwa kitambaa kikuukuu, nikazidondoshea mafuta ya cherehani, matone mawili kila moja. Zikaanza kupanda na kushuka bila kelele.

Wewe ulinisimamia muda wote kama askari. "Kila moja ina namba yake, fundi, angalia hapo. Moja, mbili, tatu. Zinafanana, lakini ukizichanganya pumzi haipiti. Utapuliza mpaka mashavu yapasuke na halitatoa hata kikohozi." Nikakwambia mimi si mtoto. Ukaniambia mjomba wako alikuachia tarumbeta hilo kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe tu uliyekuwa huchanganyi. Bendi ya parokia ikapiga Pasaka ile, na mimi ambaye misa nilikuwa naisikilizia nje nikaingia mpaka benchi la tatu.

Tangu hapo kila Jumamosi lilikuwa langu. Ulikuwa unaliweka mezani baada ya chakula cha mchana, husemi neno, unaenda zako bustanini. Ukisema, ni kwa sababu ya pistoni ya pili. Silinda yake ina kibonyeo kidogo tangu enzi za mjomba. Ikikosa mafuta wiki moja tu, inashuka vizuri lakini inachelewa kupanda. "Fundi, ya pili inasinzia," ulikuwa unasema, nami naacha hata suruali ya mwalimu mkuu nakuja kuiamsha. Miaka ishirini na sita, mke wangu. Sijui kama nilishawahi kukwambia nakupenda kwa kinywa. Nilidhani Jumamosi zinatosha.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Asubuhi ya mazishi, wewe umelala chumbani na kina mama wanaimba rozari, mimi nilikaa uani nikalifungua tarumbeta. Leonsia, mdogo wako, ndiye aliyekuwa alipulize kaburini. Watu waliniona wakasema mwacheni. Nilifuta, nikatia mafuta, nikazirudisha pistoni kwa kupapasa, macho yangu yako mlangoni wanakoingia na kutoka watu. Namba sikuziangalia. Ya kwanza niliitia kwenye silinda ya tatu, ya tatu nikaitia kwenye ya kwanza. Kosa ambalo ulinionya siku ya kwanza kabisa, nililifanya siku yako ya mwisho.

Leonsia akalipuliza. Hakuna kitu. Akapanguza mdomo, akapuliza tena, mishipa ya shingo imemtoka. Kimya. Nyuma yangu shangazi yenu mmoja akasema, "Limemkataa." Mwingine akaitikia, "Lina mwenyewe hilo." Na kila mtu alijua wanachokisema, kwa sababu kila mtu alikuwepo Leonsia alipokwambia mbele ya bendi, "Dada, kifua chako kimechoka, waachie wengine." Hamkusemeshana tena mpaka ukalazwa. Alikuja kukuona mara moja, akakukuta umelala, akaondoka. Leonsia aliliweka tarumbeta kwenye majani, akarudi nyuma, akasimama peke yake.

Mimi nilikuwa hatua tano. Nilijua. Fundi anajua pumzi inapogonga ukuta. Nilikuwa na kisu cha kufungulia mfukoni, ni kazi ya dakika mbili. Sikusogea. Wala usifikiri niliona aibu. Ningekuwa nimeona aibu ningesema. Sikuona chochote, si aibu, si huruma, nilikuwa naangalia viatu vya padri vilivyochafuka udongo.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wenu mdogo aligawa vitu vyako. Unajua desturi yetu, vya mwanamke hurudi kwa ukoo wa mama yake, na mimi sibishani nayo. Jembe, sufuria, khanga, vyote viliondoka. Kufika kwenye tarumbeta akalisukuma upande wangu. "Mkwe," akasema, "hili lilikataa. Likae kwako mpaka litakapomkubali mtu." Hapo ndipo nilipoelewa kimya changu kimeniletea nini.

Basi Jumamosi zikaendelea. Nilikuwa nalifungua, nafuta, natia matone mawili mawili, halafu ya kwanza naiingiza kwenye ya tatu na ya tatu kwenye ya kwanza, lisimkubali mtu. Kwa macho, mke wangu, nikiwa nazisoma namba. Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Baada ya hapo ulikuwa wizi.

Na kuna baya zaidi. Usiku ule wa hospitali uliniambia, "Tarumbeta apewe Leonsia. Mwambie alisema kweli, ana pumzi kunizidi." Nikakuitikia. Sikumwambia. Leonsia aliacha bendi, akawa anakaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya baraka. Nilikuwa namwona. Nilikuwa namwona kila Jumapili, nikirudi nyumbani nakula ugali wangu.

Alhamisi ya juzi juzi alikuja na njegere kwenye ungo. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba." Akakaa, akazungukazunguka na habari za mvua, halafu akauliza huku anaangalia njegere, "Shemeji, dada aliondoka na kinyongo changu?"

Sijui kwa nini siku ile. Niliinuka, nikalileta, nikalifungua mbele yake, nikazipanga pistoni kwenye kitambaa na kumwonyesha kila moja ilikotoka. Akazisoma. "Ya kwanza kwenye ya tatu? Nani kaweka hivi?"

"Mimi."

"Siku ile?"

"Siku ile. Na Jumamosi iliyopita."

Nikampa na maneno yako ya hospitali, yote, bila kupunguza. "Mwaka mzima, shemeji," akasema. "Nimemuungamia padri mpaka padri kanichoka." Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alizirudisha pistoni mwenyewe, anasoma namba kwa sauti kama wewe, moja, mbili, tatu, akalifunga kwenye khanga, akashuka nalo. Hakuniaga, na ungo akausahau. Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye kona ya migomba, nikangoja kusikia kitu ndani yangu. Nilisikia njaa.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilikaa mbele ya meza tupu. Jana ilikuwa ya pili. Niliitia mafuta cherehani ambayo haikuhitaji.

Mke wangu, nilitaka kumalizia hapa, nikuombe radhi na niweke kalamu chini. Lakini bendi imeanza kule kanisani bondeni. Ni lako, hakuna jingine lenye sauti hiyo. Leonsia anapuliza wimbo wa kutoka misani, na kweli ana pumzi, hukukosea. Anapanda vizuri. Anashuka vizuri. Kisha anapanda tena, na noti moja inachelewa, kidogo tu, mtu mwingine hawezi kuisikia.

Ya pili inasinzia.

Hajui habari za kibonyeo, sikumwambia, na wiki mbili hizi hakuna aliyeitia mafuta. Mkono wangu umeshaishika chupa na sikuutuma. Machozi yameloanisha karatasi hii, usione mwandiko umeharibika. Nashuka kwa Leonsia, huenda asinifungulie mlango. Nitakaa nje, kama nilivyokuwa naisikilizia misa zamani, mpaka atoke. Ungo wake nimeuchukua.

Nimeshasimama, mengine nitakwambia kaburini nikipita.

Mumeo,
Fundi