Waya wa Mlango na Heshima ya Mama Mkwe

Jumapili usiku, Homa Bay

Sasa nina hakika: waya umekatika penye bawaba za mlango wa dereva garini mwangu. Mlango ukiwa nusu wazi, ncha hugusana na kufuli zote hufunguka. Ukiwa wazi kabisa, zote hukwama.

Laiti ningalijua hayo pale kanisani kando ya ziwa, mama mkwe aliponaswa kwenye kiti cha nyuma. Mila hainiruhusu hata kumshika mkono.

"Baba Achieng, wewe tazama ziwa," aliamuru. "Mimi napitia mbele."

Nikageuka kwa heshima, nikauegemea mlango wa dereva uliokuwa wazi kabisa. Ukarudi nusu. Kufuli zote zikafunguka kwa kishindo.

"Yawa! Sasa ndio unafungua?" akafoka, sauti ikitokea juu ya gia.

Nikaendelea kulitazama ziwa. Alitokea mlango upi, sijui, na sitamuuliza.