Ufunguo Uliouhamisha

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la rangi,
Karibu na gati.

Jumapili, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi yangu na watoto wazima? Sisi tuko salama. Mama anakula vizuri, ni goti lake tu linaloleta ubishi. Mimi mzima wa mwili. Moyo ni habari nyingine, na ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu, maana kwenye simu ningekutukana.

Nimesikia ulichomwambia mjomba. Eti mashua imeharibika kwa sababu dada hajui injini, anajua ubabe tu. Na mjomba unamjua, neno lako kwake ni sheria. Ameshapata mnunuzi, anataka iuzwe mwisho wa mwezi. Mashua hiyohiyo inayotulisha tangu Baba afariki.

Basi nisikilize mimi niliyekuwemo. Kesho yake baada ya wewe kuondoka tulipakia abiria wa ng'ambo kama kawaida, shemeji yako mbele, mimi kwenye usukani. Nikawasha injini, ikaitika. Tulipofika pale pembamba kati ya miamba, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, moshi ukapanda miguuni kwangu. Nikazima.

Tukataka kupandisha tanga, kamba ikanasa kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti. Shemeji yako akakwea mlingoti pekupeku kuinasua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa ananitazama mimi tu. Mwamba ulitukaribia hadi tukausukuma kwa kasia. Ndipo tanga likapanda, tukarudi gatini.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Gia inaingia na kutoka bila shida. Dizeli safi, chujio safi, mkanda umekaza. Yule fundi wetu Kimyakimya akafungua pampu ya maji ya kupozea injini, mpira wake wa ndani ukatoka vipande vipande kama maganda ya karanga. Injini haikuwa imepata hata tone la maji. Nikainua ubao wa sakafu, nikaikuta koki ya kuingizia maji ya bahari imefungwa.

Aliyeifunga unamjua. Kuifunga si kosa, kwetu hufungwa kila jioni. Lakini tangu enzi za Baba ufunguo wa injini hutundikwa kwenye koki yenyewe, ili mtu asiuchukue bila kuigusa na kuifungua. Wewe, Bwana Mpangilio, uliyekuwa ukipanga hata vijiko kwa urefu, ukaona kuinama chini ya ubao ni ushamba. Ukapigilia kikulabu kizuri mlangoni pa kibanda cha usukani, ukautundika hapo, ukapanda ndege bila kusema neno. Mimi nikaukuta mlangoni huku abiria wananiharakisha, nikajua ulipoutoa kwenye koki uliifungua. Niliyewasha ni mimi, sikatai.

Injini yenyewe imepona. Fundi ameweka mpira mwingine, na jana tumevuka salama. Kinachoniuma ni kwamba haya yote nilikueleza siku ileile, ukanyamaza, halafu ukampigia mjomba ukanipaka matope. Ulikwepa aibu ndogo ukanitwisha mimi kubwa. Nimelia, mdogo wangu, na si mtu wa kulia mimi.

Mpigie mjomba. Kwa mdomo wako, usitume mtu. Mwambie nani alihamisha ufunguo, kwa sababu nikisema mimi ataona najitetea. Mashua ikiuzwa sitakulaani, wewe ni damu yangu. Ila ukija likizo, utafute pa kulala.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu, mikono bado ina malengelenge. Mungu akutunze huko ugenini, akulindie afya na kazi yako.

Mama habari hizi hajui. Anachojua ni kwamba mashua inauzwa. Kila anayekuja kumpa pole, Mama humwambia asihangaike, mwanawe wa kiume akisikia ataizuia. Nimemwacha aamini hivyo.

Ni mimi, akupendaye hata leo,

Dada yako