Viatu Vyako Nimeondoka Navyo

Mdogo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Usihangaike kutafuta viatu vyako vya kazini, nimevipeleka kliniki pamoja na binti yako. ~~Jioni nitavirudisha.~~ Vifuate mwenyewe, umevaa kandambili zako.

Umemwita mtoto mvivu mbele ya majirani zangu wote, eti kwa kuwa miguu inamuuma akaomba kubebwa! Ulipoingia kuoga nikavitazama viatu vyenu pale mlangoni. Vyote vimelika upande wa ndani. Nyayo zake ni bapa kama zako. Jirani yetu nesi anasema ubapa wenyewe kwa watoto si neno, ila maumivu yaonwe na daktari; huenda mazoezi na soli za kuinua unyayo zikatosha. Nawe usijifanye chuma, nakuona ukijikanda miguu.

Baba naye alikuita mvivu hivyohivyo. Mgongo uliokubeba hadi shuleni ulikuwa wangu.

Dada yako