Gitaa la Mfenesi

Mkunazini, Unguja

Dada yangu Amne,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto huko Chake, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama yuko imara. Kikohozi kimemwacha, ulimi haujamwacha.

Najua ulipopiga simu nilikujibu kwa mkato. Sikuwa na hali ya kuzungumza, ndiyo maana nakuandikia sasa kwa kituo.

Unaukumbuka ule ubao wa mfenesi uliobaki tulipobadilisha mlango wa nyuma. Nimeuchonga gitaa la umeme, kidogo kidogo, kila nikirudi kutoka kazini karakana. Nilipomwonyesha mama alilitazama weee, kisha akasema yeye aliomba mjukuu kutoka kwangu, hakuomba ubao, akarudi zake jikoni. Tangu hapo hakulitaja tena. Mama akinyamaza, unajua mwenyewe, afadhali atukane. Nami nilikuwa nimeshapata kazi ya kupiga muziki katika hoteli moja Kiwengwa. Nikajisemea kwamba kama nyumba hii haina nafasi ya gitaa, basi na mimi sina nafasi. Nikatafuta chumba hukohuko, nikaanza kufunga nguo zangu.

Gitaa lilibaki kupakwa mafuta tu. Kazi hiyo haitaki pupa. Unachovya kitambaa kwenye mafuta ya kitani, unasugua kwa kiganja mpaka mti upate joto, unafuta yaliyozidi, unaacha yakauke, unapitisha msasa laini, unarudia. Mfenesi ukishiba mafuta hayo hutoa rangi ya asali. Lakini gitaa langu halikukauka. Kila nikirudi kutoka kazini nalikuta pale dirishani nilipoliacha linateleza, na sisimizi wamelizunguka. Nikamlaumu muuza mafuta, nikailaumu mvua. Halafu nikalinusa, likanukia nazi na karafuu.

Dada, sitakuficha, nilimshuku mama. Nilidhani analiharibu makusudi ili nisiende Kiwengwa. Nikaaga kama ninakwenda kazini, nikarudi baada ya adhuhuri ili nimfumanie.

Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, amenyoosha miguu, gitaa limelala mapajani mwake, na kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu kiko pembeni. Unajua anavyowakanda vichanga wa mtaa mzima, na alivyowakanda wanao. Ndivyo alivyokuwa akilikanda: mgongo, mabega, kisha shingo, taratibu, akiinyoosha. Aliponiona hakushtuka.

"Nlitaka mjukuu, ukanletea huyu," alisema. "Haya, ndiye aliyekuja. Sasa unamwacha dirishani mkavu namna hii, n'mtazame tu?"

Nilicheka, Dada, kisha nikalia, mpaka mama akaniuliza kama ni mimi ninayetaka kukandwa.

Nikamweleza kwamba mafuta ya nazi hayakauki juu ya mti. Akauliza mbona watoto wote wale walikauka. Basi tumelisafisha kwa tapentaini na kuanza upya kwa kitani, na sasa anayesugua ni yeye, maana mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Ila nyuma, pale linapogusa tumbo la mpigaji, nimeacha kiraka cha mafuta yake ya nazi bila kukisafisha. Najua hakitakauka. Likipata joto la mwili linanukia karafuu.

Chumba cha Kiwengwa nimekirudisha kwa mwenyewe. Nitakuwa nakwenda kupiga na kurudi kulala nyumbani. Nguo nimeshazitoa kwenye begi, na moyo wangu umetua.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama naye anakusalimu. Anasema mjukuu wake wa Mkunazini hajambo, anaendelea kunawiri, na kwamba ukija usije mikono mitupu, kwani wewe ndiye shangazi yake na hujaja kumtazama tangu azaliwe.

Mdogo wako akupendaye,
Mahfoudh