Bomba Lililodhaniwa Bunduki

Dodoma,
6 Mfunguo Nne 1334,
yaani Novemba 14, 1915.

Mpendwa shangazi yangu, Bi Mwantum binti Mrisho, Tabora.

Shikamoo shangazi. Kabla hata sijakujulia hali, natanguliza neno moja: kaka yako Swedi yu hai. Amekaa hapa ukumbini mbele yangu, anakunywa uji na kunigombeza kwamba wino naumaliza bure. Jaha, mtoto wa jirani yetu Bi Mwanne, yule anayechochea moto kwenye gari la moshi, ndiye aliyetuambia kuwa huko Tabora zilikufikia habari kwamba baba amenyongwa, nawe umemwekea matanga. Ondoa matanga, shangazi. Habari zile hazikuwa kweli, ingawa zilikaribia sana kuwa.

Sasa ndiyo nakuuliza, u hali gani? Miguu bado inavimba? Je, binamu Mwanahawa amejifungua salama? Sisi huku hatujambo, ila njaa. Mvua haijanyesha bado na mtama mwingi umechukuliwa kulisha askari. Tunakula ugali wa uwele na mlenda, na tukilala tumeshiba tunamshukuru Mungu.

Wewe uliondoka kabla reli haijafika Dodoma, kwa hiyo acha nianzie nyuma kidogo. Baba alifanya kazi ya serikali ya Wajerumani miaka ishirini na mmoja, fundi wa bunduki na mitambo, kwanza Mpwapwa kisha hapa. Hata bombomu, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo, ikikwama alikuwa akiitwa yeye. Mwaka juzi mikono ilianza kumtetemeka, wakamwambia akapumzike. Mikono ikapumzika, kichwa kikakataa. Kutwa alikuwa akitengeneza makufuli ya watu na kuwaza vyuma.

Ana rafiki yake mmoja, Mwalimu Yotham, Mgogo wa Zuzu, mtu wa dini ya Kikristo. Kabla ya vita alikuwa akifundisha kwa wamisheni Waingereza kule Buigiri. Kwao Zuzu kuna kisima cha pima tatu, na mwaka jana mama mmoja aliteleza ukingoni akivuta ndoo, akafia humo. Yotham alimjia baba akamwomba awaundie bomba la kuvutia maji. Baba alikubali siku hiyo hiyo. Yeye alieleza, mimi nikachora, maana kalamu haikai tena mkononi mwake. Majina ya vyuma alinitajia kwa Kidachi chao kama alivyofundishwa kazini, nami nikayaiga herufi kwa herufi kutoka daftari lake la zamani, kwa kuwa mimi mwenyewe najua hizi herufi zetu za Kiarabu tu.

Shaba ya kutosha haikupatikana hapa. Tukasikia yuko mhunzi Kondoa anayo. Yotham akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akashika njia ya Kondoa. Hakuna kati yetu aliyefikiri, shangazi. Njia ile ndiyo inayokwenda upande waliko Waingereza wanaopigana na serikali, na yeye alikuwa mwalimu wa Waingereza. Askari wa doria walimkamata siku ya pili wakaikuta karatasi, naye akawaambia ni bomba la maji la fundi Swedi.

Siku tatu baadaye wakaja kwetu asubuhi, askari wanne na karani. Walipekua hadi ndani ya mtungi wa unga. Baba alipouliza kosa lake, karani alimjibu bila kumtazama, "Umewapa Waingereza siri ya bombomu." Baba alicheka. Alidhani ni mzaha wa watu waliokuwa wakimjua. Walipomtia mnyororo shingoni ndipo alipoacha kucheka.

Siku kumi na tisa alikaa kifungoni. Nilikuwa nikimpelekea chakula mchana, naachia mlangoni, simwoni. Mtu aliyezoea kuazima nyundo ya baba kila wiki akinikuta njiani alivuka upande wa pili. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, lakini nakumbuka. Bi Mwanne peke yake hakuacha kuja. Na Dorkasi, mke wa Yotham, alitembea kutoka Zuzu hadi kwetu. Aliniambia, "Mbukwa, Stara," kama wanavyoamkiana kwao, kisha akakaa chini akanieleza yaliyompata. Mumewe walikuwa wamekwisha kumpakia gari la moshi kwenda Tabora, kwenye kambi ya wafungwa.

Siku ya ishirini shauri likasikilizwa barazani bomani. Afisa alikuwa mgeni, mtu wa vita aliyeletwa juzi, si wale wakubwa wa zamani waliomjua baba. Watu walijaa. Mimi nilisimama nyuma na wanawake, nimejifunika buibui, Dorkasi kanishika mkono.

Afisa aliinua karatasi yetu juu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu.

"Hapa imeandikwa Rohr. Ndiyo mtutu wa bunduki. Hapa Kolben. Ndiyo kitako cha bunduki. Nani aliandika?"

"Mimi, bwana," baba akasema.

Nilijua mara moja kwa nini amesema hivyo. Afisa naye hakuwa mjinga. Alimsogezea kalamu na kumwambia aandike maneno yale mawili. Baba alijaribu, shangazi. Mkono ulitetemeka hadi wino ukatawanyika mezani, na kilichotoka kilikuwa kama nyayo za kuku.

"Mwongo!" afisa akapiga meza. "Aliyeandika ni Mwingereza. Jina lake nani? Ukinyamaza, unakwenda kwenye kamba."

Baba alikuwa amesimama wima kabisa, mdomo kaufunga, na mimi nikaelewa kwamba mzee huyu yu radhi anyongwe kuliko kunitaja. Sijui nilipitaje katikati ya watu. Nilijikuta mbele.

"Ni mimi niliyeandika, bwana."

"Stara, rudi!" baba akanifokea, kwa sauti ambayo hakuwa amenipigia tangu nikiwa mdogo.

"Sirudi, baba."

Kukawa na kicheko barazani. Afisa aliniuliza, mwanamke amejulia wapi kuchora mashine. Nikamwambia anipe karatasi. Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikaichora upya yote, sikutazama ile ya mezani hata mara moja: mwanzi mkubwa wa shaba, mti wa kusukuma unaopanda na kushuka ndani yake, ndimi mbili za ngozi za kuzuia maji yasirudi, mpini wa nje. Nikaandika vipimo. Mwisho nikaandika Rohr na Kolben, kila neno mahali pake. Afisa aliziweka karatasi mbili sambamba akazilinganisha mstari kwa mstari.

Baba sasa hakuwa na la kuficha, akasema, "Bwana, maneno hayo mlinifundisha ninyi. Kwenye bunduki ni mtutu na kitako. Kwenye bomba la maji, Rohr ni mwanzi wa kupitishia maji na Kolben ni kile kinachoyasukuma. Muulize fundi yeyote wa reli."

"Mafundi wa reli wako vitani," afisa akajibu.

Hapo ndipo niliposema neno ambalo hata leo silijui lilikotoka. "Basi tuiunde kama ilivyo kwenye karatasi, bwana, mbele ya askari wako. Ikiwa ni bunduki, iambie ipige."

Hakuna aliyecheka safari hii. Afisa aliniangalia, akamwangalia baba, akasema, "Siku nane."

Tuliunda kwenye karakana ya stesheni, baba mnyororo mguuni, askari wawili mlangoni. Yeye alielekeza, wahunzi wawili wakapiga na kukereza, mimi nikakata ngozi na kushona. Shaba ilitoka kwenye mabomba ya injini mbovu. Kaka yako alibadilika kabisa. Siku ya kwanza aliingia mgongo umepinda. Siku ya nne alikuwa akiwatukana wahunzi kwa upendo kama zamani, akiwaambia hata mbuzi angekereza vizuri zaidi. Jioni walipomrudisha kifungoni alikuwa akienda anahesabu vipimo kwa vidole.

Siku ya nane tulilishusha bomba katika kisima cha nyuma ya stesheni. Mji wote ulikuja, na hata yule aliyekuwa akivuka njia akiniona. Askari mmoja mnene aliambiwa ashike mpini. Akasukuma mara kumi. Mara ishirini. Kitu hakikutoka, ila mlio mkavu, kama mtu anayekohoa. Afisa alitoa saa yake. Baba alifumba macho, midomo ikawa inasoma dua. Dorkasi akaanza kulia.

Mimi nilikuwa natazama ngozi. Niliishona mwenyewe, na jua siku ile lilikuwa kali, unalijua jua la Ugogo kabla ya mvua. Nikapiga kelele, "Baba, ngozi imekauka! Haijalowa!" Akafumbua macho. "Maji!" akaita, "leteni maji, mwagieni kwa juu!" Watu walisitasita, wakidhani ni hila. Bi Mwanne ndiye aliyetoka na ndoo yake kichwani, akaishusha, akamimina yote mdomoni mwa bomba. Tukangoja kidogo ngozi inywe. Askari akashika tena mpini.

Mara ya sita maji yalitoka, shangazi. Yalitoka mengi, ya tope kwanza, kisha safi, yakamlowesha askari buti zote mbili. Watu walipiga vigelegele hadi gari la mizigo lililosimama pale likapiga honi, sijui kwa kufurahi au kwa kutufukuza njiani.

Afisa hakuomba radhi. Alikinga kiganja, akaonja maji, akasema neno moja kwa Kidachi, kisha akaamuru mnyororo ufunguliwe. Mbele yetu alimwambia karani aandike Tabora kwamba shauri la mwalimu limekufa na aachiliwe. Halafu akasema bomba linabaki pale pale, ni la serikali! Baba alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini.

Tulipofika nyumbani alinawa, akaswali, akala kidogo. Kisha akaniambia neno ambalo linanirudia kila siku. "Mwanangu, nimewatengenezea bunduki miaka ishirini na mmoja, hawakuniogopa. Nimechora kitu cha kuteka maji, wakataka kuninyonga." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepima chuma akakuta kipimo si alichodhani. Tangu hapo haendi bomani hata akiitwa kurekebisha kufuli.

Lakini Zuzu amekwenda. Tulikwenda wote wiki iliyopita na bomba la pili, dogo kuliko la kwanza, tuliloliunda kwa mabaki ya shaba, wanaume wa kule wakalibeba kwa zamu. Safari hii nililowesha ngozi tangu jana yake. Dorkasi alivuta wa kwanza, kisha kina mama wote wakapanga foleni, si kwa kiu bali kwa kutaka kushika mpini. Wamenichinjia kuku, wamemwita baba kwa majina ya ukoo wao. Na siku hizi wako wasichana watatu wanaokuja ukumbini kwetu kujifunza kuchora vyuma. Baba anawafokea sawasawa na alivyonifokea mimi, ndiyo alama ya kuridhika kwake.

Sasa shangazi, nakuomba jambo moja. Barua ya kumwachilia Yotham imekwenda huko majuma mawili sasa, na hatujasikia kitu. Kwa vita hivi karatasi zinachelewa, au zinakaa chini ya karatasi nyingine. Tafadhali nenda kwenye kambi ya wafungwa ukamwulizie. Ni mrefu, mwembamba, masikio yametogwa matundu makubwa ya Kigogo, na akisema hushika kidevu. Mpelekee wali na shuka. Mwambie karani wa kule, kwa upole lakini usiondoke, kwamba barua ya Dodoma ipo na aitafute. Nakujua, ukikaa mlangoni mwa mtu hainuki kwenda kula mpaka akusikilize. Walimpiga sana wakimtaka aseme baba ni msaliti, akakataa. Mtu huyo ni ndugu yetu sasa.

Nawe ukimwona, kabla hujampa chakula, mwambie kwanza kwamba mkewe ni mzima, na kwamba kisima cha Zuzu kina mfuniko sasa, na watoto wanacheza juu yake.

Baba anakusalimu sana, anasema ulimlilia mapema mno na machozi hayo uyaweke. Bi Mwanne anakusalimu. Dorkasi anakusalimu ingawa hamjuani bado. Nisalimie binamu Mwanahawa na mumewe, na huyo mgeni mchanga kama amekwisha kufika duniani. Barua hii anakuletea Jaha mkononi. Mpe maji ya kuoga, atakuwa mweusi kwa makaa.

Mungu akutulizie miguu, akurefushie siku, na atukutanishe kwa mlango mmoja sote tukiwa wazima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kama mama,
Stara binti Swedi