Mshale Nyuma ya Sifuri

Jumanne, 4 Machi 2025
Mtoto wangu Mbithe amepimwa kliniki. Kilo saba na nusu. Mwezi jana alikuwa nane! Kanyiva, mhudumu wa afya wa kijiji, akasema kwa ile sauti yake ya kwaya: huyu anakonda, chakula yake anakula nani? Wanawake kwa laini wakacheka. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Amesema Jumanne ijayo mtoto akipatikana bado hivyo, anamchukua kwake Migwani. Mtoto amepewa jina lake, na jina lake halitakufa njaa hapa Ikutha.

Nimeshika mapaja ya Mbithe akinyonya. Yanajaa mkono. Huyu Kanyiva atanijua.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi kwa Kanyiva apime tena. Akapima mara tatu. Saba na nusu. Saba na nusu. Saba na nusu. Umeona, akaniambia, mizani haigeuzi maneno kama nyinyi. Nimerudi nyumbani bila kusalimia mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Saa ya ukutani ya bwanangu iko nyuma dakika ishirini. Jana ishirini, juzi ishirini. Hiyo pia haigeuzi maneno. Na kila siku inadanganya.

Nilibaki nimesimama na sufuria. Jumatano, kabla Mbithe hajawekwa, suruali ya kupimia watoto ilikuwa inaning'inia tupu kwa mizani. Mshale haukuwa kwa sifuri. Ulikuwa nyuma yake.

Sitamwambia Kanyiva kando. Yeye hakuniambia kando.

Jumapili, 9 Machi
Pastor amehubiri msamaha. Nimesema amina. Lakini baada ya Jumanne.

Jumanne, 11 Machi
Naandika hapa hapa kwa benchi ya kliniki. Mama mkwe alikuja na nguo za Mbithe tayari kwa mfuko. Zamu yetu ilipofika nikatoa pakiti ya unga, kilo mbili, haijafunguliwa. Dada Kanyiva, anza na hii.

Moja na nusu.

Kanyiva akasema mwenye duka ameniibia. Wayua, jirani yangu, akatoa pakiti yake kwa kikapu — ya duka lingine. Moja na nusu. Halafu akasema polepole: hata wangu uliandika amekonda. Niliona aibu kuuliza, akasema. Mwingine akafungua kadi ya mtoto wake. Na mwingine.

Kanyiva anasukuma mshale kwa kidole. Nimemwambia atangaze kosa la mizani kwa ile sauti ya kwaya. Bado. Sina haraka.

Mama mkwe hataki kuniangalia. Amempakata Mbithe, anamshikashika mapaja. Mfuko wa nguo bado uko begani.