Nilimsingizia Marehemu, na Binti Yake Ndiye Rafiki Yangu Pekee

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mbili, nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, nikastaafu, mke wangu akafariki mwaka uliofuata, na tangu hapo nyumba imekuwa kimya mpaka friji ikianza kunguruma nashukuru. Sasa mtu aliyezoea majalada hawezi kukaa bure, nikaanza kwenda kwenye chumba cha kumbukumbu za mahakama ambako bado wananifahamu, naomba majalada ya kesi za zamani za mauaji, nanakili kwa mkono, nikirudi nyumbani najifungia ndani ya kabati la nguo za marehemu mke wangu, kwa sababu magauni yanameza mwangwi, nasimulia kwenye simu halafu naweka mtandaoni. Wasikilizaji wananiita Karani. Wako maelfu kwa maelfu, lakini Mshauri, maelfu hawabishi hodi.

Kati yao alikuwepo mmoja, mama wa makamo anayepiga pasi kwa dobi, ambaye kila Jumapili mchana alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa mtu wa kusifu tu. "Karani, leo umekohoa mara nne, kunywa maji ya moto bwana!" Au, "Yule shahidi wa pili mbona umemwacha njiani, alikukosea nini?" Nikawa namjibu, tukawa tunachekeshana, miezi minane hiyo, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa nakaa na simu mkononi tangu asubuhi nikimsubiri. Hakuna mapenzi hapo, usinielewe vibaya. Ni kwamba yeye peke yake duniani ndiye aliyejua kuwa nakohoa.

Basi mwezi juzi nikasimulia kesi ya fundi cherehani aliyeuawa kwa kisu chumbani kwake miaka arobaini na mitano iliyopita. Aliyemuua ni seremala jirani yake, alikamatwa, akahukumiwa, akafia gerezani, hilo halina ubishi. Lakini kwenye orodha ya vielelezo niliona mstari mmoja: vikombe viwili vya chai mezani, kimoja kikiwa na sukari nene iliyobaki chini. Na katika utetezi wake seremala alidai yule mama alikuwa hawara yake, wakagombana. Mshauri, ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Mgeni wa kikombe cha pili alipenda sukari, na mgeni anayejua kopo la sukari liko wapi, huyo si mgeni." Nikaongeza kuwa marehemu alimfungulia mlango kwa tabasamu. Tabasamu hilo halimo kwenye jalada, nililitoa kichwani mwangu. Kipindi kile kilisikilizwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya, watu wakaandika "kajitakia", wengine "za mwizi arobaini", na mimi nikafurahi.

Yule mama wa pasi akanyamaza. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwandikia, "Vipi, umenisusa?" nikaweka na kicheko. Jumapili ya nne akajibu, na maneno yake nimeyanakili hapa kama yalivyo.

"Karani, yule fundi ni mama yangu. Kikombe cha pili kilikuwa changu. Nilikuwa na miaka sita, nilijaza sukari mama alipogeuka. Akanituma nipeleke gauni la mteja nyumba ya tatu, niliporudi watu wamejaa mlangoni. Mama mdogo alinipitisha uani kabla polisi hawajafika, akaniambia nisimwambie mtu kitu, na sijawahi kusema, hata mume wangu hajui. Nilikuwa nakusikiliza kwa sababu nilidhani mtu anayesoma majalada kwa makini hivyo, siku akilifikia la mama atalisoma vizuri. Lisimulie upya. Mimi usinitaje."

Leo ni siku ya kumi na moja sijamjibu. Na kuna jambo ambalo hata yeye halijui, nalo linanitafuna. Kwenye ukurasa wa mwisho wa hukumu, jaji aliandika kwamba madai ya uhawara ni uongo wa mtu anayetaka kujiokoa, kwamba hakuna shahidi hata mmoja aliyeyaunga mkono, na kwamba marehemu aliishi kwa heshima zake. Niliusoma ukurasa huo. Niliunakili kwa mkono wangu huu. Nikauacha kwa sababu ungeua utamu wa hadithi.

Sasa nikikiri hadharani, wasikilizaji wataniona mwongo na kesi zote thelathini na sita nilizosimulia zitatiliwa shaka. Nikieleza habari za kikombe nitamfichua yeye. Nikikifuta kipindi kimyakimya hakuna atakayejua, kisha nimwombe radhi faraghani. Lakini ninachoogopa kuliko yote, nakwambia ukweli, ni kwamba nikishafanya alichoniomba hatakuwa na sababu ya kunitafuta tena. Nifanyeje nisimpoteze?

Ni mimi, Karani wa kabatini.

Kaka Karani,

Pole kwa kufiwa na mke, na pole kwa kimya cha nyumba yako. Pole hiyo naitoa kwa moyo, ishike vizuri, kwa sababu yanayofuata hayana pole.

Tuanze na hili. Binti kakwambia siri aliyomficha hata mume wake, nawe umechukua kalamu ukaniandikia mimi, mtu wa gazeti! Kabla ya kuchapisha nimebadilisha kazi za watu, vyombo vya mezani, miaka, hata jina lako la utani, mpaka wewe mwenyewe utajitafuta. Lakini ona ulivyo mwepesi na mambo ya watu.

Halafu umeniuliza swali lisilo lenyewe. Nifanyeje nisimpoteze? Mwenzio kapoteza mama mara mbili, mara ya pili kwa mdomo wako, na wewe unalilia Jumapili zako! Hebu ona haya kidogo. Seremala alisema uongo kizimbani, jaji akamkatalia, naye akafa na uongo wake gerezani. Wewe ukamfufua, ukamwazima sauti yako nzuri, ukamshindia kesi.

Na mimi sijitoi. Kipindi kile nilikisikiliza nikikata vitunguu, nikasonya, nikasema, "Wanawake wengine bwana!" Kwa hiyo usiniambie ukikifuta hakuna atakayejua. Ungefuta, mimi ningezeeka na uongo wako kichwani nikidhani ni kweli. Tuko wengi.

Mjibu leo. Siku kumi na moja ni ukatili, hata kama wewe unaiita hofu. Mistari miwili tu: nimekusikia, nilikosa na nilikuwa najua, nalisimulia upya, hutatajwa. Basi. Habari za mke, kabati na kikohozi zikae pembeni, hajaomba kukubembeleza.

Kisha rekodi kipindi kipya, kifupi, chenye kichwa kilekile ili waliosikia cha kwanza wakione. Soma ukurasa wa jaji neno kwa neno. Halafu sema kwa sauti yako, "Ukurasa huu nilikuwa nao nikauficha, na tabasamu nililitunga mimi." Usituletee "kulitokea kasoro", kasoro haina mikono. Kuhusu kikombe, sema jalada halisemi kilikuwa cha nani, ukome hapo; hilo ni kweli, na siri ya binti inabaki kwake. Mpelekee yeye asikilize kabla ya watu. Akisema toa neno hili, toa, usibishane. Ndipo uondoe kile cha zamani.

Watakaokuhama wahame. Na hizo kesi nyingine thelathini na tano, kaa uzipitie, maana mtu hatungi tabasamu mara moja tu. Utakapokuta jingine, nalo ulitaje. Marehemu wale nao walikuwa na watoto.

Upweke wako nimeuona, kaka yangu, siupuuzi. Lakini nimeipekua barua yako yote nikitafuta mtu mmoja unayekaa naye meza moja, sikumpata. Hao wa chumba cha kumbukumbu wanaokufahamu, wewe unawafahamu? Ukienda tena, kabla hujaomba jalada lolote, vuta kiti, piga nao soga. Wafu hawana haraka, watakusubiri.

Sasa lile unaloliogopa. Huenda asikutafute tena, na ni haki yake, usimfuatefuate. Lakini ikitokea Jumapili moja akarudi, hata kwa neno moja, usimwombe radhi upya wala usimuulize kama ameridhika. Wewe unajua mama yake aliuawa vipi, saa ngapi na kwa kisu cha aina gani. Muulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani, kisha unyamaze.